Kaya Namba Kumi na Saba

Dar es Salaam,
14 Februari 1994

Mwalimu wangu Mansuetus,

Shikamoo.

Sijui kama unanikumbuka. Mimi ni Kauthar, binti wa Mzee Abdulkarimu mwenye duka la vitambaa pale Mbamba Bay. Ulinifundisha hesabu darasa la nne, kabla hujahamishiwa Lihwelu. Ulinichapa mara moja tu, kwa kuandika saba isiyo na kistari tumboni. Ulisema saba ya namna hiyo ni moja iliyopinda mgongo.

Siku hizi nafanya kazi ya takwimu hapa mjini. Fomu ndefu za sensa ya 1988, zile zilizoulizwa katika vijiji vichache tu, tunaziandaa ziwe sampuli ya kuwapa watafiti. Mambo yamefunguliwa, Mwalimu. Maduka yamefunguliwa, magazeti yamefunguliwa, na watu wa vyuo wanabisha hodi kila wiki wakitaka takwimu. Kwenye kompyuta hakuna majina, majina yamebaki kwenye makaratasi ghalani. Kazi yangu ni kutafuta makosa kabla hatujazitoa: baba mwenye miaka kumi na miwili, au bibi wa miaka tisini anayesoma darasa la pili. Mengi ni kalamu kuteleza, tunayarekebisha tunacheka.

Hili moja sikulicheka. Ni kaya namba 17 katika eneo la Lihwelu. Mkuu wa kaya ni mwanamke wa miaka 34. Waliolala nyumbani usiku wa kuamkia siku ya sensa ni yeye na watoto wanne: wa miaka 13, 11, 9 na 6, wote wanawe. Ukurasa wa pili akaulizwa amezaa watoto wangapi. Watano. Walio hai wangapi? Mmoja.

Kompyuta inaikataa kaya hii kila nikiiingiza. Msimamizi wangu ananiambia nichague ukurasa mmoja niufuate. Nilikwenda ghalani nikaitoa fomu yenyewe. Haijafutwafutwa popote. Nikaziona saba zenye kistari, na chini jina la karani wa sensa, jina lako. Wewe hukuwa mtu wa kukosea kutoa, Mwalimu.

Sheria yetu hainiruhusu kuuliza nje ya ofisi, kwa hiyo sitaji jina la mama huyo, nawe tafadhali usilitaje. Niambie tu: wanne au mmoja?

Mwanafunzi wako,
Kauthar


Lihwelu,
9 Machi 1994

Kwako Kauthar,

Marahaba. Nimefurahi kusikia kwamba umefika mbali. Mzee wako hajambo, nilinunua kwake kitambaa juzi.

Kuhusu ulichouliza: ni kalamu iliyoteleza. Siku ile nilikuwa na kaya nyingi, jua kali, na msimamizi alikuwa ananihimiza tumalize kabla boti haijaondoka. Walio hai andika wanne. Ukurasa wa kwanza ndio sahihi. Watoto hao niliwafahamu vizuri, wote walikuwa wanafunzi wangu isipokuwa yule wa mwisho aliyekuwa hajaanza. Yule wa miaka kumi na moja alikuwa hodari sana wa kugawanya.

Hakuna haja ya kurudi ghalani. Makosa madogo kama haya hayafai kukupotezea muda. Barua hii ukishaisoma ichome.

Mvua ni nzuri mwaka huu, mihogo imestawi.

Mwalimu M. Ndimbo


Dar es Salaam,
2 Aprili 1994

Mwalimu wangu,

Shikamoo, na asante. Nimebadilisha mmoja ikawa wanne, na kompyuta ikaikubali kaya namba 17 bila neno.

Sampuli imeshatoka. Mtu wa kwanza kupewa ni Dakta Cuthbert, mtafiti wa mambo ya afya, anayetaka kujua kwa nini watoto wengi wa ufukwe wa Nyasa hawafiki umri wa kwenda shule. Ni mtu mpole, anasema "samahani" hata akiomba kiti. Aliniomba nisiondoe namba za vijiji ili aweze kupima umbali wa zahanati. Nikamwachia, na nikamwandikia barua ya utambulisho.

Jambo moja tu, na kama ni upuuzi nisamehe. Ulisema yule mtoto alikuwa hodari. Ameacha shule?

Kauthar


Lihwelu,
20 Julai 1994

Kwa Bi. Kauthar wa Sensa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Mimi ninayekuandikia hunijui. Jina langu ni Hilda Othmar, nina miaka kumi na tisa, nashona nguo hapa Lihwelu kwa cherehani ya Mama. Jina lako nimelipata kwenye barua aliyokuja nayo Dakta. Sisi hatujambo, ila Mama.

Dakta alikuja mwezi uliopita pamoja na mwenyekiti wa kijiji. Alikuwa anamtafuta mama aliyezaliwa ng'ambo, Nkhata Bay, mwenye nyumba ya bati na watoto wanne. Kijiji kizima aliyezaliwa ng'ambo ni Mama peke yake, wakamleta moja kwa moja. Alimwamkia Mama kwa heshima akakaa kwenye mkeka.

Akasema, "Mama, nyumba nyingi za ufukwe huu zimezika watoto. Wewe umezaa watano na wanne wako hai. Nimekuja kujifunza kwako, ulifanyaje?"

Mama akauliza, "Nani amekuambia?"

"Sensa, mama. Takwimu za serikali."

"Wanne?"

"Wanne. Msichana wa miaka kumi na mitatu wakati ule, wa kiume wa kumi na mmoja, wa kiume wa tisa, na kabinti ka miaka sita."

Mama alishika nguzo ya baraza akaketi chini taratibu, kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Mimi ndiye niliyemwambia Dakta aondoke. Aliomba samahani mara nyingi, nadhani alikuwa hajui.

Bi. Kauthar, msichana wa miaka kumi na mitatu ni mimi. Mtoto wa tano alifariki zamani, akiwa mchanga. Wadogo zangu Ignatio, Henry na Gertruda walizama tarehe 30 Aprili 1988, miezi minne kabla ya sensa. Mtumbwi wa Baba ulionekana umepinduka kwenye matete. Wao hawakuonekana. Baba ndiye alikuwa na mazoea ya kumtuma Ignatio kupeleka dagaa wa usipa Mbamba Bay, kwa hiyo watu wote wakasema amewatuma yeye. Alikataa. Hakuna aliyemwamini, hata Mama. Mama alimtoa nyumbani, naye akapanda milimani, yuko Maguu kwa ndugu zake mpaka leo. Matanga hatukuweka, kwa sababu Mama alisema hawezi kulia mtu ambaye hajamwona.

Sasa Mama anasema wako hai. Anasema labda boti ya ng'ambo iliwaokota, wakahesabiwa mahali pengine, maana serikali haiwezi kuandika mtu ambaye hayupo. Kila siku ya meli anakwenda Mbamba Bay kwa miguu. Anasimama gatini akiwatazama usoni vijana wanaoshuka. Mara ya mwisho alimshika kijana mmoja mkono akamwita Henry, na yule kijana akaogopa.

Naomba utuambie wako wapi. Na kama hawapo, tuandikie barua yenye muhuri kwamba hawapo, kwa sababu mimi Mama haniamini tena.

Wako,
Hilda Othmar


Dar es Salaam,
3 Agosti 1994

Mwalimu Mansuetus,

Nimepata barua kutoka kaya namba 17. Sikumtafuta mwenye barua, amenitafuta yeye.

Nilikuuliza wanne au mmoja. Ulijua, na ulinijibu wanne. Mama huyo sasa anasimama gatini kila siku ya meli akiwangoja watoto niliowafufua mimi kwa kubonyeza kitufe kimoja, kwa neno lako.

Mimi nina langu la kujibu: namba ya kijiji niliiacha mimi. Lakini lako silielewi, na kosa la kalamu silo. Niambie ni nini.

Kauthar


Dar es Salaam,
3 Agosti 1994

Mdogo wangu Hilda,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Poleni sana. Poleni kwa msiba wa miaka ile na kwa huu mpya, ambao mimi nina sehemu yangu ndani yake.

Kila anayefanya kazi hii ameapa kutosema yaliyoandikwa kwenye fomu ya mtu. Nikieleza ya kwenu leo, kesho nitaeleza ya jirani yenu. Lakini sensa inavyofanya kazi naweza kukueleza, maana hilo si siri. Karani huandika anachoambiwa na watu wa nyumba ile, siku ile, basi. Baada ya hapo hatumfuati mtu. Hakuna kitabu kingine kinachoonyesha aliko. Hatukuwahesabu wadogo zako ng'ambo wala mahali pengine popote. Kama kuna karatasi inayosema wako hai, imekosewa, na aliyeirekebisha vibaya ni mimi.

Nimepiga muhuri hapa chini kama ulivyoomba. Msomee Mama taratibu, akiwa amekula. Umwambie namwamkia, shikamoo yake, na kwamba mimi pia ni mtoto wa Mbamba Bay.

Dada yako,
Kauthar Abdulkarimu


Lihwelu,
24 Agosti 1994

Kauthar,

Dakta alipofika kijijini nilimwona anashuka kwenye gari. Nilipotambua anaelekea nyumba gani nilichukua jembe nikaenda shamba, nikakaa kwenye mihogo mpaka jioni. Sikulima hata tuta moja.

Nitakueleza. Aprili ile mkaguzi alikuwa anakuja Jumatatu na chaki zimeisha shuleni. Boksi letu lilikuwa Mbamba Bay, kwa mratibu wa elimu. Jumamosi alfajiri nilikwenda kwenye nyumba ile. Mama yao alikuwa hospitali na Hilda, mwenye malaria kali. Baba yao alikuwa ameondoka usiku ule ule kupanda Maguu kubadilisha usipa kwa mahindi. Watoto watatu walikuwa peke yao, jirani akiwatupia jicho. Mtumbwi wao ulikuwa umefungwa ufukweni na Ignatio alijua kupiga kasia kuliko wakubwa wengi.

Nikamwambia akaniletee chaki. Alilitazama ziwa akasema, "Mwalimu, upepo wa mwera umeanza." Nikamwambia wafuate ufukwe. Yeye ni mtoto aliyefundishwa kutombishia mwalimu, na niliyemfundisha hivyo ni mimi. Henry akaingia kumsaidia. Gertruda akaanza kulia kwamba anaachwa. Nilimnyanyua mwenyewe nikamweka katikati ya mtumbwi. Uzito wake ninao mikononi hadi leo, Kauthar. Nikibeba chochote kinacholingana na mtoto wa miaka sita, debe la mahindi hata, lazima nilitue.

Hakuna aliyetuona. Mtumbwi ulipopatikana, watu walisema Othmar amewatuma na usipa kabla hajaondoka. Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilifungua mdomo nikasema, "Masikini."

Halafu Agosti nikateuliwa karani wa sensa wa eneo hilo. Nilifika nyumba ile nimevaa kitambulisho kifuani. Nikauliza kama nilivyofundishwa, "Nani walilala hapa usiku wa kuamkia leo?" Mama akataja jina lake, akataja Hilda, akamtaja Ignatio, akamtaja Henry, akamtaja Gertruda. Ndani mikeka mitatu ilikuwa imetandikwa. Msimamizi aliyekuwa nami alikuwa mgeni, hakujua kitu. Nilitakiwa kusema, "Mama, hao hawapo." Ningewezaje kusema mimi? Niliandika. Nikaandika umri wao na darasa lao bila kumwuliza, maana nilikuwa najua.

Nilipofika kwenye swali la waliozaliwa na walio hai, aliitazama ile mikeka. Kisha akasema, "Watano. Mmoja." Nikaandika hilo pia. Kwa hiyo fomu ile haikuwa na kosa lolote, ni maneno yake yote mawili. Kosa ni barua yangu ya Machi. Niliona ukirudi ghalani utaendelea kuuliza, na ukiuliza utafika kwenye chaki.

Kila asubuhi naita majina darasani. Miaka sita sasa, nikifika herufi I nageuka kukohoa, na watoto wamezoea, wanadhani ni kikohozi kweli.

Niambie nifanye nini.

Mansuetus


Dar es Salaam,
6 Septemba 1994

Mwalimu,

Mimi nimeapishwa nisiseme. Wewe hukuapishwa kuficha ulichokifanya Jumamosi ile, hakimo kwenye fomu yoyote. Siwezi kwenda kwa niaba yako, wala barua yangu haitoshi.

Nyumba unaijua. Nenda.

Kauthar


Lihwelu,
2 Oktoba 1994

Dada Kauthar,

Barua yako na muhuri wake tulipokea. Nilimsomea Mama kama ulivyosema. Aliichukua akaugusa ule muhuri kwa kidole, akauliza, "Huyu msichana anasema amekosea yeye?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi ni mtu wa kweli." Lakini siku ya meli akaenda tena. Sikujua nifanye nini zaidi.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, Mwalimu Mansuetus alikuja. Alikataa kiti, akapiga magoti uani, kwenye jua. Mama akadhani amefiwa. Mwalimu akasema yote, Dada. Chaki, mwera, alivyomnyanyua Gertruda. Nilikuwa napiga pasi. Nakuambia ukweli, nilitaka kumpiga nayo na makaa yakiwa ndani. Nilitembea hatua mbili. Mama akanyoosha mkono bila kunitazama, nikasimama.

Nilingoja Mama alie au amfukuze. Badala yake akaanza kumwuliza.

"Nani alikaa mbele?"

"Ignatio, mama."

"Henry?"

"Nyuma. Alikuwa na kasia fupi."

"Gertruda alikuwa amevaa nini?"

"Gauni la njano. Lina mfuko mmoja."

"Walikuwa wamekula?"

"Ignatio alikuwa na kiazi mkononi. Alimpa Gertruda nusu ili anyamaze."

"Akanyamaza?"

"Akanyamaza. Walipofika mbali kidogo alikuwa anaimba."

"Wimbo gani?"

Akamwambia wimbo gani. Mama akamfanya arudie tangu mwanzo. Alirudia mara nne, mpaka kivuli cha nyumba kikawafikia, na kila mara Mama alikuwa anapata kitu kipya cha kuuliza. Mimi nilifikiri anamtesa. Baadaye nikaelewa kwamba miaka yote sita hakukuwa na mtu wa kumwuliza. Yeye alikuwa kwenye kitanda changu hospitali. Hakuwaona wakiondoka.

Mwisho akamwambia, "Sasa panda Maguu. Usimwandikie. Nenda kwa miguu yako umwambie Othmar, na umwambie mbele ya ndugu zake." Mwalimu akasema atakwenda. Mama akaingia ndani, hakuaga.

Meli ilikuja Alhamisi. Mama alibaki nyumbani, akachambua dagaa.

Mdogo wako,
Hilda


Maguu,
30 Oktoba 1994

Kauthar,

Nimefika. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kuanzia, na nilipomwona yakapotea yote.

Huku kahawa sasa inanunuliwa na matajiri binafsi, kila mmoja na mizani yake na lori lake. Othmar alikuwa anapakia magunia kwenye moja ya malori hayo. Amezeeka. Nilimwambia pale pale, gunia likiwa begani mwake. Hakulitua. Alipanda nalo, akashuka, akachukua jingine. Nilisimama mpaka lori likajaa, kiasi cha saa nzima. Kisha akajifuta uso, akaja mbele yangu akasema, "Sema tena."

Nikasema tena. Nikadhani atanipiga, na ningekubali. Alikaa chini kwenye maganda ya kahawa akasema kitu ambacho sikukitarajia: "Miaka sita nimekuwa nikijiuliza kama nilimtuma nikasahau."

Watu wote walikuwa wanamwambia amewatuma, Kauthar, mpaka naye akaanza kukumbuka. Aliniambia kuna siku alikuwa anajiona kabisa anamkabidhi Ignatio kapu la usipa, na anaona hata rangi ya kapu. Mimi nilidhani nimemnyang'anya watoto, mke na nyumba. Kumbe hata akili yake mwenyewe nilikuwa nimeichukua.

Jioni ndugu zake walikusanyika, nikasema mara ya tatu. Kaka yake mmoja alitoka nje akatapika. Othmar hakunipa mkono na sikuuomba.

Nimepita ofisi ya elimu Mbinga mjini, nimeandika kila kitu, nimesaini na kukabidhi. Wameniambia ningoje wito. Mama yake Hilda amesema patakuwa na matanga na kwamba nitasimama mbele ya watu. Nitasimama. Baada ya hapo sitafundisha tena, wala sitaishi Lihwelu. Nikikaa, watu watanionea huruma mwishowe, na kazi hiyo sitaki kuwapa.

Ulikuwa mwanafunzi wa kuuliza sana. Nilikuwa nakukemea. Uendelee kuuliza.

Mansuetus Ndimbo


Dar es Salaam,
15 Novemba 1994

Mdogo wangu Hilda,

Nilikwenda kwa msimamizi wangu nikamweleza nilichofanya: kwamba niliuliza nje, nikabadilisha namba kwa barua ya mtu, na nikaacha namba za vijiji. Nimeondolewa kwenye kompyuta. Sasa niko ghalani, natunza makaratasi. Ni haki, na wala sijisikii vibaya huku, pametulia.

Kabla sijahamishwa niliruhusiwa kumaliza jambo moja. Dakta Cuthbert alirudisha sampuli mwenyewe bila kuitwa. Alikuja ameshika kofia mkononi, akaniuliza kama anaweza kumwandikia Mama kumwomba radhi. Nikamwambia asimwandikie, amwache. Namba za vijiji zimeondolewa zote, nchi nzima, na hata mahali pa kuzaliwa pamebaki mkoa tu au "nje ya nchi". Sasa hata mimi nikipewa sampuli hiyo siwezi kuwapata ninyi.

Kuhusu lile jingine, sikuchagua ukurasa. Nilimwomba msimamizi kaya ile iondolewe kabisa kwenye sampuli, ibaki kwenye karatasi tu, kama ilivyosemwa. Alibisha kwamba itaharibu hesabu. Nikamwambia kaya moja haitaiharibu. Tulibishana siku mbili, akakubali.

Niandikie mkiweka matanga. Siwezi kuja, lakini nataka kujua siku, nikae nyumbani siku hiyo.

Kauthar


Lihwelu,
11 Desemba 1994

Dada Kauthar,

Simu niliyokupigia nikiwa dukani kwa mzee wako sijui kama walikufikishia ujumbe. Matanga yalikuwa tarehe tatu, Jumamosi. Mzee Abdulkarimu alituletea mchele na sanda tatu nyeupe, ingawa hatukuwa na wa kuwavisha. Mama alizipokea, akazikunja vizuri. Padre alisoma misa ufukweni, na watu walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona hapa Lihwelu, mpaka wa Liuli walikuja.

Mwalimu alisimama akasema. Kulikuwa na kelele, vijana wawili walimvaa, wazee wakawazuia. Shati lake lilichanika begani naye akaendelea kusema hivyo hivyo mpaka mwisho. Kisha mwenyekiti akasimama akasema kwamba kijiji kizima kilimhukumu Othmar bila kumsikiliza, na kwamba yeye alikuwa wa kwanza. Watu waliinamisha vichwa. Baba alikuwa amekaa na wanaume, amevaa koti la kuazima, hakumtazama mtu.

Mama alilia, Dada. Alilia kwa Kinyasa cha kwao ng'ambo, maneno mengine hata mimi siyajui, akiwaita mmoja mmoja. Wanawake walimshika usiku mzima.

Mwalimu aliondoka alfajiri na boti ya Lituhi. Hakuna aliyemsindikiza.

Baba hajarudi kulala kwetu. Analala kwa kaka yake, ila kila asubuhi anakuja. Anatengeneza uzio, anachota maji, wanaongea na Mama mambo ya mihogo. Sijui itakuwaje na siulizi.

Jumanne baada ya matanga Mama alisema anajinyoosha kidogo. Ilikuwa saa nne asubuhi. Tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu sijamwona Mama amelala mimi nikiwa macho. Nikilala namwacha amekaa, nikiamka namkuta amekaa. Saa sita nilichungulia, amelala. Saa tisa, amelala. Niliogopa, nikaweka mkono karibu na pua yake, nikasikia pumzi. Nikahamisha cherehani isimsumbue, nikakaa mlangoni kuwafukuza kuku na watu.

Jioni Baba alikuja na mzigo wa kuni begani. Akauliza, "Mama yako yuko wapi?"

Nikamwambia, "Amelala."

Alisimama muda akitazama mlango. Kisha akapiga magoti, akaufungua mzigo, akaanza kuziweka kuni chini polepole, moja moja, zisilie.

Wako,
Hilda